SOMO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: USAFISHAJI NA UTUNZAJI WA DAFRAU ZA VYOMBO VYA ZIWA NYASA

1. Utangulizi

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Kyela na mwambao wote wa kaskazini wa Ziwa Nyasa wanaletewa somo hili kuhusu kifaa kidogo ambacho aghalabu hukumbukwa siku chombo kinapopasuka ubavu. Kifaa hicho ni dafrau, yaani kinga inayoning'inizwa ubavuni mwa chombo ili kisigongane na gati, jabali au chombo kingine. Mabaharia wa pwani walilitumia neno hilo kwa kinga za kamba zilizosokotwa. Siku hizi wengi huziita fenda, na wengine husema "matairi" tu, kwa kuwa matairi makuukuu ndiyo yanayoonekana zaidi magatini.

Shabaha ya somo hili ni kueleza jambo moja kubwa: dafrau isiyosafishwa haibaki kuwa kinga. Hugeuka kuwa msasa, nayo hukila kile kile ilichowekwa kukilinda. Hasara yake haiishii kwenye rangi ya boti. Vijiji kadhaa vilivyo chini ya Milima ya Livingstone hutegemea njia ya maji kuliko barabara. Boti moja ikipandishwa pwani kuzibwa ufa, wapo wagonjwa watakaochelewa kufika hospitali, walimu watakaochelewa kituoni na mazao yatakayoozea mwaloni. Kwa hiyo utunzaji wa dafrau ni sehemu ya utunzaji wa mali ya umma na ya maisha ya watu.

2. Kazi ya dafrau

Chombo kinapofika gatini huwa bado kina mwendo, na mwendo huo lazima uishie mahali. Dafrau huupokea mwendo na kuumaliza polepole. Mfano wa hesabu utasaidia kulifafanua jambo hili.

Tuseme boti yenye uzito wa tani 2 inaligusa gati kwa mwendo wa nusu mita kwa sekunde, mwendo ambao ni wa taratibu kuliko wa mtu anayetembea. Kama hakuna kinga, na boti inasimama ndani ya sentimita 1 tu, ubavu wake utabanwa kwa nguvu inayolingana na mzigo wa tani mbili na nusu. Kama ipo dafrau laini inayobonyea sentimita 10, nguvu hiyo hushuka hadi kulingana na mzigo wa kilo 250 hivi. Boti ni ile ile na mwendo ni ule ule, lakini nguvu imepungua mara kumi. Aidha, ikumbukwe kuwa mwendo ukiongezeka mara mbili, pigo huongezeka mara nne. Kwa sababu hiyo dafrau nzuri haimpi nahodha ruhusa ya kuingia gatini kwa kasi.

Kazi ya pili ya dafrau ni kuzuia msuguano. Chombo kilichofungwa hakitulii. Hupanda na kushuka na mawimbi usiku kucha. Tuseme kinayumba mara moja kila sekunde nne. Kwa dakika moja ni mara 15, kwa saa moja ni mara 900, na kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi ni mara 10,800. Kila mara dafrau husugua ubavu. Kama ni safi na laini, ubavu hautadhurika. Kama imejaa mchanga, hesabu hiyo ni sawa na kumweka fundi apige msasa kwenye boti mara elfu kumi kwa usiku mmoja.

3. Hali ya ziwa letu

Mafunzo mengi ya utunzaji wa boti yameandikwa kwa ajili ya bahari, ambako adui mkubwa ni chumvi. Maji ya Ziwa Nyasa ni baridi, hayana chumvi ya bahari, na kwa ajili hiyo wengi hudhani dafrau zao hazihitaji kuoshwa. Dhana hiyo si sahihi. Huku kaskazini zipo sababu nne zinazochakaza dafrau.

(a) Mchanga na tope. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka kutoka nyanda za juu na kumwaga ziwani mchanga na udongo mwingi wakati wa masika. Kyela ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi kuliko yote nchini, hivyo mzigo huo wa mito si mdogo. Bandari ya Itungi yenyewe imekuwa ikisumbuliwa na mchanga unaojaa. Mchanga unaofukia njia ya meli ndio huo huo unaojikita katika mikunjo ya tairi na katikati ya nyuzi za kamba.

(b) Upepo wa kusi. Ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, nalo limelala kaskazini kwa kusini. Upepo wa kusi unapovuma, hasa kati ya Mei na Agosti, mawimbi hupata nafasi ndefu ya kukua kabla ya kufika Matema, Itungi na Kiwira. Kwa hiyo mwambao wetu hupokea mawimbi yaliyokwisha kukomaa.

(c) Kupanda na kushuka kwa maji. Usawa wa maji ya ziwa hubadilika kwa kiasi cha mita moja kati ya mwisho wa masika na mwisho wa kiangazi. Dafrau iliyofungwa mahali pake mwezi Mei huenda mwezi Novemba isiwe inagusa inapotakiwa kugusa.

(d) Jua. Mwambao wa Kyela ni wa joto. Mpira na plastiki vinavyoachwa juani mwaka mzima hukauka, hupasuka na kupoteza uwezo wa kubonyea.

4. Aina za dafrau zinazotumika

Matairi makuukuu ya magari. Haya ni rahisi kupatikana na ni imara. Kasoro zake ni kuacha alama nyeusi, kuhifadhi maji ndani, na kutokeza nyaya za chuma yanapochakaa.

Dafrau za kujazwa upepo. Hutengenezwa kwa plastiki laini aina ya vinaili, nazo huwa na umbo la mviringo mrefu au la mpira. Hutumika zaidi kwenye boti za mashine. Ni laini na nyepesi, lakini hutobolewa kirahisi na hudhurika kwa mafuta.

Dafrau za kamba. Husokotwa kwa katani, kumbi au nailoni. Hizi ndizo za asili. Hazitoboki, na fundi yeyote hodari wa kamba aweza kuzitengeneza. Adui zake ni kuoza na mchanga.

Dafrau za kudumu za gati. Ni mipira mizito au mbao ngumu zilizofungwa kwa bolti au minyororo kwenye ukuta wa gati. Meli kubwa huzitegemea sana. Matishari ya MV Ruvuma na MV Njombe, yaliyoundwa Itungi na kuzinduliwa mwaka 2017, yana uwezo wa kubeba tani 1,000 kila moja. Chombo cha uzito huo hakizuiwi na tairi moja la gari dogo.

Kwa boti ndogo, kanuni ya kukadiria ni hii: unene wa dafrau ya upepo uwe kiasi cha sentimita 2 kwa kila mita moja ya urefu wa boti. Boti ya mita 8 inahitaji dafrau yenye unene wa sentimita 16 hivi. Kila ubavu uwe na dafrau zisizopungua tatu, na chombo kirefu kiongezewe moja kwa kila mita tatu.

5. Usafishaji wa dafrau: hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza: ziondoe chomboni. Dafrau haisafishwi ikiwa inaning'inia. Ifunguliwe, ibebwe nchi kavu, mbali na ukingo wa maji, na iwekwe juu ya majani, turubai au ubao, si juu ya mchanga.

Hatua ya pili: toa mchanga kwanza. Hili ndilo jambo linalokosewa na wengi. Mtu huchukua sabuni na brashi na kuanza kusugua papo hapo. Kwa kufanya hivyo huusukuma mchanga ndani zaidi na kukwaruza uso wa dafrau. Mwaga maji safi mengi kutoka juu kwenda chini, pindua, mwaga tena, hadi maji yanayotiririka yawe meupe. Dafrau ya kamba izamishwe katika ndoo au pipa la maji, ikandwe kwa mikono kama mtu afuavyo blanketi, maji yabadilishwe, na kazi irudiwe hadi chini ya pipa kusibaki mchanga.

Hatua ya tatu: osha kwa sabuni. Tumia sabuni ya kawaida ya kufulia iliyoyeyushwa katika maji ya uvuguvugu, pamoja na kitambaa au brashi laini. Katika vijiji vyetu ipo desturi ya kusugua sufuria kwa mchanga wa ziwani hadi zing'ae. Desturi hiyo yafaa kwa sufuria, lakini ni mwiko kwa dafrau. Vivyo hivyo waya wa kusugulia masufuria usitumike kabisa.

Hatua ya nne: ondoa ukoga na madoa. Ukoga wa kijani unaoota sehemu inayokaa majini hulainika kwa maji yenye siki kidogo au maji ya limau. Paka, acha kwa dakika kumi, kisha sugua taratibu. Madoa meusi yaliyoachwa na matairi mengine hupungua kwa magadi ya kupikia yaliyosagwa na kuyeyushwa vizuri katika maji. Doa lisilotoka liachwe. Dafrau yenye doa inafanya kazi. Dafrau iliyokwanguliwa uso haifanyi.

Hatua ya tano: suuza na kausha. Suuza hadi utelezi wa sabuni uishe. Anika kivulini penye upepo, ikiwa imening'inizwa ili maji yachuruzike. Dafrau ya katani isirudishwe chomboni wala kuwekwa ghalani ikiwa mbichi ndani, kwani kuoza kwake huanzia katikati, mahali jicho lisipoona.

6. Vitu visivyofaa kutumika

Petroli, mafuta ya taa na thina visitumike kusafishia dafrau za vinaili wala za mpira. Ni kweli kwamba huondoa doa upesi, na ndiyo maana hupendwa. Lakini huondoa pia ule ulaini uliochanganywa katika plastiki kiwandani. Baada ya majuma machache uso huanza kunata, na uso unaonata hukamata vumbi na mchanga kuliko ulivyokuwa kabla ya kusafishwa. Aliyetaka kuondoa doa moja amejiletea msasa wa kudumu.

Dawa kali ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, nayo huudhoofisha uzi wa kamba na kuukausha mpira. Dafrau ambayo tayari imeanza kunata, lakini haijapasuka, yaweza kuokolewa kwa kuvishwa mfuko wa turubai au wa kitambaa kizito. Mfuko huo ufuliwe kila juma, kwani nao hukusanya mchanga.

7. Matairi: mambo matatu ya kuzingatia

Kwanza, maji yaliyotuama. Tairi lililoning'inizwa wima huhifadhi maji ya mvua katika upande wake wa chini. Maji hayo ni mazalio ya mbu wa jamii ya Aedes, waenezao homa ya dengue, ugonjwa uliowapata watu wengi jijini Dar es Salaam mwaka 2014. Katika hali ya joto, yai la mbu huyo laweza kuwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi. Kwa hiyo kila tairi litobolewe matundu mawili au matatu upande wa chini, yenye upana wa kidole, na matundu hayo yazibuliwe kila juma kwa kijiti. Matairi ya akiba yaliyorundikwa nje ya ghala yafunikwe au yaingizwe ndani.

Pili, nyaya. Ndani ya matairi mengi mna nyaya za chuma. Tairi likilika hadi nyaya zikaonekana, liondolewe siku hiyo hiyo. Waya mmoja waweza kuchana ubavu wa boti ya plastiki, kutoboa dafrau ya jirani, au kumjeruhi mkono mtu anayekamata kamba.

Tatu, kulitupa. Tairi lililokwisha kazi lisitupwe ziwani, kwani litazama na kunasa nyavu za wavuvi. Wala lisichomwe moto, iwe kwa ajili ya kubanika ngozi ya mnyama au kwa sababu nyingine yoyote, kwani moshi wake ni sumu. Ofisi yenye matairi mabovu iyarundike mahali pakavu na kuomba maelekezo ya afisa afya wa eneo lake.

8. Upepo wa dafrau

Dafrau ya kujazwa upepo haitakiwi kuwa ngumu kama gurudumu. Ikiwa ngumu hudunda badala ya kupokea pigo, na chombo hurudishwa nyuma kisha huja tena kwa nguvu. Ikiwa tepetepe mno hubanwa hadi ubavu ukagusa gati. Kipimo cha haraka ni kidole gumba: ukibonyeza kwa nguvu ya kawaida, uso uzame kidogo kisha urudi. Ujazo ufanywe kwa pampu ya mkono na si kwa mtambo wa gereji. Anayejaza asubuhi yenye baridi aache nafasi, kwa kuwa jua la mchana huutanua upepo uliomo.

Ili kutafuta tundu, paka povu la sabuni kuzunguka kizibo na kwenye mishono. Povu litakapotoa mapovu makubwa, hapo ndipo upepo unapotoka.

9. Kamba na namna ya kufunga

Dafrau nyingi hazipotei kwa kuharibika, bali kwa kukatika kamba. Mahali pa kukagua ni pawili: pale kamba inapopita juu ya ukingo wa chombo, na pale inapoingia katika tundu la dafrau. Kamba ikiwa na manyoya, ikiwa imekakamaa au imepungua unene, ibadilishwe. Kuivisha kipande cha mpira wa maji mahali inaposuguana na ukingo huirefushia maisha.

Kamba ifungwe kwenye kigingi au boriti imara ya chombo, si kwenye reli nyembamba ya mkono. Izungushwe mara mbili kamili, kisha imaliziwe kwa vifundo viwili vya nusu, ili iweze kufunguliwa upesi hata ikiwa imelowa. Kimo chake kiwe pale ubavu na gati vinapokutana. Penye ukuta mrefu, dafrau ishushwe hadi karibu na uso wa maji bila kuelea. Vyombo viwili vinapofungwa ubavu kwa ubavu, dafrau ziwekwe mahali chombo kilipo kipana kuliko pengine pote. Kwa sababu ya mabadiliko ya usawa wa maji yaliyotajwa hapo juu, kimo hicho kipimwe upya walau kila mwezi.

Chombo kinapoondoka, dafrau zote zipandishwe ndani. Dafrau zinazoburutwa majini hukata kamba zake, hunasa nyavu na kurusha maji chomboni.

10. Usalama wa watu

Jambo hili litiliwe mkazo kuliko yote. Mkono au mguu wa binadamu si dafrau. Mara nyingi huonekana abiria au mfanyakazi akinyoosha mguu kuisukuma boti isigonge gati. Hesabu iliyotolewa mwanzoni imeonyesha kuwa boti ya tani 2 inayokwenda polepole yaweza kubana kwa nguvu ya tani mbili na nusu. Hakuna mfupa uwezao kuhimili nguvu hiyo. Kama dafrau haipo mahali pake, heri boti ikwaruzwe, maana boti hutengenezwa.

Abiria wasishuke kabla chombo hakijafungwa mbele na nyuma. Hatari ya kuteleza na kuangukia kati ya chombo na gati ni kubwa zaidi wakati wa kusi, na utelezi wa ukoga juu ya matairi wanayokanyaga watu kama ngazi huiongeza. Matairi hayajatengenezwa kuwa ngazi. Gati litengewe ubao wa kushukia.

Wenye mitumbwi nao wahusike. Wafinyanzi wa Kikisi wa Ikombe husafirisha vyungu vyao kwa mitumbwi hadi soko la Matema, na mwenye shehena ya vyungu hahitaji kufundishwa maana ya mgongano. Mtumbwi wa gogo ukipigwa na boti ya mashine mwaloni, kinachopasuka kwanza ni mzigo wa mnyonge. Kipande cha tairi la baiskeli lililojazwa majani makavu na kushonwa, kikifungwa ubavuni, ni dafrau ya kutosha kwa mtumbwi, nacho hakina gharama.

11. Maji ya kuoshea na hifadhi ya ziwa

Dafrau zisioshwe ndani ya ziwa. Zipo sababu mbili.

Ya kwanza ni afya. Kichocho hupatikana katika baadhi ya sehemu za ziwa hili, nacho huenezwa na konokono wa maji ya kina kifupi yenye majani. Mtu anayesimama majini kwa saa nzima akisugua matairi hujiweka katika hatari isiyo ya lazima.

Ya pili ni uhai wa ziwa. Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lingine lolote duniani, na maji yake hutoka kwa Mto Shire pekee, upande wa kusini kabisa. Uchafu unaoingia huku kaskazini hauondoki upesi. Mbasa na usipa wanaoliwa Kyela wanaishi katika maji hayo hayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuathiri hifadhi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwa hiyo sehemu ya kudumu ya kuoshea vifaa isijengwe ufukweni. Maji ya sabuni yamwagwe katika shimo lililochimbwa mbali na ukingo, ili udongo uyachuje.

12. Ratiba ya matunzo

Kila siku chombo kinapotumika: hakikisha idadi ya dafrau, kimo chake na hali ya kamba. Zimwagie maji zilizopakwa tope.

Kila juma: zibua matundu ya matairi na kumwaga maji yaliyotuama, fua mifuko ya turubai, pima upepo kwa kidole gumba.

Kila mwezi: fanya usafishaji kamili wa hatua tano, pima upya kimo cha kufungia, geuza dafrau ili upande uliokuwa ukisugua upumzike.

Kila miezi mitatu: kagua dafrau za kudumu za gati. Bolti iliyolegea ikazwe, iliyoliwa na kutu ibadilishwe, na kichwa chochote kilichotokeza nje ya mpira kirudishwe ndani, kwani hicho hupasua ubavu kama patasi. Mbao zichomwe kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama kirahisi, ubao umeoza.

Mwezi Aprili, kabla ya kusi: ondoa zote zilizochoka, weka mpya, na hakikisha akiba ipo.

Kila ofisi yenye chombo ifungue daftari la matunzo. Kila dafrau ipewe namba iliyoandikwa kwa rangi, na daftari lionyeshe tarehe ya kuanza kutumika, tarehe za kusafishwa na sababu ya kuondolewa. Daftari hilo litamsaidia mtunza ghala kujua mahitaji ya mwaka unaofuata, litamsaidia mkaguzi, na litazuia ile tabia ya dafrau mpya za Serikali kuonekana kwenye boti za watu binafsi.

13. Hitimisho

Nchi yetu inao mfano bora wa thamani ya matunzo madogo. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi kwa uangalifu. Ilipoibuliwa mwaka 1924 mitambo ilikuwa bado yafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Grisi ile ilikuwa kitu duni kando ya meli nzima, lakini ndiyo iliyoiokoa mitambo.

Dafrau nayo ni kitu duni kando ya boti. Gharama ya kuitunza ni ndoo ya maji, kipande cha sabuni na nusu saa ya mtumishi mmoja. Gharama ya kutoitunza ni ubavu uliolika, chombo kilichopandishwa pwani, na mgonjwa aliyesubiri usafiri usiofika. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta; kwa mwenye boti, ukuta huo hujengwa kwa mbao, mabati na fedha za umma.

Wakuu wa idara na vituo, watendaji wa kata na vijiji, viongozi wa mialo na manahodha wote wanaombwa kulisoma somo hili pamoja na watumishi walio chini yao, na kulibandika kwenye mbao za matangazo zilizo karibu na magati na mialo. Ukaguzi wa kwanza wa dafrau ufanyike mara moja, na zile zitakazoonekana na mchanga zioshwe kabla chombo hakijafungwa usiku huo.